Nungunungu na Ua wa Minyaa

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa mwenye masikio; asiye nayo akaazime kwa Sungura.

Hapo zamani za kale, Nungunungu na Kanga walikuwa majirani. Nungunungu alikuwa na shamba la mihogo lililozungushiwa ua wa minyaa, na alikuwa na hofu nyingi. Jani likianguka, katoka. Kuku akikohoa, katoka. Akauacha ua urefuke, urefuke, mpaka ukamzibia Kanga jua.

Kanga alikuwa ameanika mtama. Usipokauka utaoza, na mvua zikija vifaranga wake watalala njaa. Maskini, kutwa alihamisha jamvi akifuata kipande cha jua. Huku, kule, huku tena. Vifaranga nao nyuma.

Akaenda kwa jirani. "Hodi, Bwana Nungunungu. Nipunguzie ua, mtama wangu haukauki."

"Ua ni wangu, Bibi. Wezi ni wengi."

Akaenda mara ya pili. "Bwana, mtama umeanza kunuka."

"Ua ni wangu."

Mara ya tatu hata hodi hakuimaliza. "Ua ni wangu!"

Asubuhi moja Nungunungu alikwenda kisimani. Ngiri akapenya uani upande wa porini, akaingia mihogoni. Chimba, tafuna. Chimba, tafuna. Kanga akasikia. Yeye akiona adui huamsha pori zima, lakini ataona nini? Akasema, "Leo jirani analima," akahamisha jamvi lake.

Nungunungu aliporudi alikuta mashimo. Miiba ikamsimama. Akakimbilia kwa Kanga. "Mwenzangu, hukusikia?"

"Nilisikia. Nikadhani ni wewe unalima. Macho umeniziba, Bwana, ningeonea mdomo?"

Nungunungu akashikwa na aibu. Akachukua panga. "Simama hapo, Bibi." Akaukata ua pale pale shingo ya Kanga ilipofika. Jua likaingia jamvini. Nusu ya mtama ilikwisha kuoza, nusu ikapona.

Kesho yake Ngiri akarudi, ulafi haumpi usingizi. Kanga akauona mgongo wake, akapiga kelele. Nungunungu akatoka na miiba yake yote. Ngiri akakimbia na miiba mitatu makalioni, mkia juu, na mpaka leo akikimbia hathubutu kuushusha.

Basi wenzangu, ukimziba jirani macho, usimlaumu kwa kutoona.

Ngano yangu nimeianika hapa. Igeuzeni wenyewe, ikikauka, kuleni.