Mguu wa Kinyozi

Kinyozi hakuwa na mtoto, hakuwa na msaidizi, wala hakuwa na siku ya mapumziko. Kibandani mwake mlikuwa na viti vitatu, vyote vya wateja. Yeye hakuwa na cha kukalia. Kwa miaka thelathini alisimama wima kama mlingoti.

Kusimama huko kulimvimbisha mishipa ya mguu wa kushoto, ikajipinda chini ya ngozi kama mizizi. Akaificha kwa soksi ndefu. Aliyeijua ni mkewe tu, na ndiye aliyemkokota hadi hospitalini.

"Tutakupasua kidogo, tuutoe mshipa mbovu," daktari alimweleza. "Kesho yake utatembea. Ukiuacha, ipo siku utapasuka."

Kinyozi alishukuru kwa adabu, akatoka mbio.

"Mzee wangu, kila siku unawashikia watu wembe shingoni, leo unaogopa kisu?" mkewe alimtania njiani.

"Wembe nilioushika mimi siuogopi, mama. Naogopa alioshika mwenzangu. Tena wateja wakisikia nina mguu mbovu, watanikimbia. Funga mdomo."

Mkewe akafunga mdomo.

Mwaka haukuisha. Asubuhi moja alikuwa akimnyoa fundi viatu, na kichwa kimefika nusu, fundi alipoona damu sakafuni. Akashika sikio.

"We kinyozi! Umenikata!"

"Sikio lako zima. Tulia nimalize."

"Sasa hii damu ya nani?"

"Tulia, bwana! Nikuachie kichwa nusu, mtaa mzima unicheke?"

Akamaliza. Akampangusa shingo, akamkung'uta nywele mabegani, ndipo akaanguka. Soksi ilikuwa imelowa chapachapa na kiatu kimejaa damu. Alikata roho kabla ya kufikishwa hospitalini.

"Angelala tu, akauinua mguu na kuukandamiza, damu ingesimama," daktari alimwambia mkewe kwa huzuni. Majirani waliujua ugonjwa ule kwa mayowe ya mama huyo.

Baada ya mazishi, mjane alimwandikia mdogo wake marehemu, naye kinyozi katika mji mwingine, mwenye mishipa kama ile: "Shemeji, kaka yako alinifunga mdomo, nami nikakubali. Wewe hutaniweza. Nenda ukapasuliwe. Ukikataa, nitakuja kukutangaza mbele ya wateja wako wote."

Akaifunga bahasha, akaipeleka posta mwenyewe, akasimama dirishani mpaka alipoiona imegongwa muhuri. Hakika, mficha maradhi, kilio humfichua.