Makarani Wanne na Laptopu Moja

Palikuwa na sultani, jina lake Dhahiri, mwenye kitambi kikubwa na subira ndogo, aliyemiliki laptopu ya bei mbaya asiyojua kuitumia. Kazi yake kubwa humo ilikuwa kucheza karata. Aliilaza juu ya mto wa mahameli, akaubana mto kwa kitambi, na laptopu ikakosa pa kupumulia. Ikipata joto, huzimika. Ikizimika, sultani humfunga karani.

Ndiyo, karani. Kwa sababu karani ndiye aliyeifuta vumbi asubuhi na kuileta, na masultani, kama mjuavyo, huwa hawakosei. Alipofungwa wa kwanza akaajiriwa wa pili. Laptopu ikazimika, akafungwa wa pili, kisha wa tatu, kisha wa nne. Wa nne alikuwa mtu mpole aitwaye Vuai, na dada yake, Mize, alikuwa fundi wa simu na kompyuta pale sokoni, mwenye mkono mwepesi na ulimi mkali. Mize akaenda barazani kumwombea nduguye.

Sultani akamtazama kuanzia kandambili hadi ushungi. "Vizuri umekuja. Niambie ni yupi kati ya wale wanne aliyeiharibu laptopu yangu. Lakini usiifungue, maana ndani mna siri za dola. Ukishindwa, chumba cha Vuai kina nafasi ya mtu mmoja zaidi."

Hebu sikieni ujinga huo. Ni sawa na kumtaka daktari apime homa ya mtu aliye mtaa wa pili. Lakini mawaziri walitikisa vichwa kukubali, maana hawakuwa na kazi nyingine ya vichwa hivyo.

Mize akatua begi lake chini. "Haina haja ya kufunguliwa, Maulana. Sisi mafundi tuna desturi. Kitu tukikishuku, tunakitoa na kuweka kingine kizima. Ugonjwa ukiondoka, tulichokitoa ndicho kibovu. Ugonjwa ukibaki, hakina kosa, na tunakirudisha mahali pake."

"Haki tupu," akasema sultani, aliyependa sana kusikika akilitamka neno hilo.

"Maulana anaikubali desturi hiyo mbele ya baraza?"

"Nimeikubali. Na mimi nikishasema nimesema."

"Chaja ilibadilishwa?"

"Ilibadilishwa."

"Ikaacha kuzimika?"

"Haikuacha."

"Basi chaja haina kosa. Betri?"

"Tuliweka mpya kabisa. Ikazimika vile vile."

"Betri nayo haina kosa. Karani wa kwanza?"

"Nilimtoa, nikaweka mwingine."

"Ikaacha kuzimika?"

Mawaziri wakaanza kuchunguza maua ya zulia.

"Haikuacha," akasema sultani kwa shida.

"Basi naye hana kosa, arudishwe mahali pake. Wa pili?"

"Haikuacha."

"Wa tatu?"

"Haikuacha, we mwanamke."

"Na huyu Vuai, aliyefungwa wiki iliyopita akawekwa mwingine?"

"Imezimika jana nikicheza... nikifanya kazi za dola. Huyo mpya nilikuwa nimfunge leo."

"Basi wote wanne wazima. Na Maulana akishasema amesema."

Aibu sultani hakuwa nayo, lakini neno lake lilikuwa limesikiwa na watu arobaini, pamoja na mgeni kutoka nchi jirani aliyekuwa akiandika kila kitu. Askari wakatumwa na funguo. Makarani wakaletwa wakipepesa macho kwa mwanga. Mize alipomwona Vuai amekonda, shati linamning'inia, alifurahi kumpata, na papo hapo hasira ikampanda upya.

Mtu mwenye akili angenyamaza hapo. Sultani hakunyamaza.

"Umewatoa wote," akafoka. "Chaja nzima, betri nzima, makarani wazima. Na mimi nimebadilisha kila kinachoigusa laptopu hii, hata mto wake. Kibovu ni kipi basi?"

Mize akatupa begi begani, akamshika nduguye mkono.

"Si kila kitu, Maulana. Kimebaki kimoja kinachoigusa kila siku, na hakijabadilishwa tangu mwanzo. Ila hicho mimi fundi siwezi kukitoa. Hiyo ni kazi ya baraza. Wakishaweka kingine, niiteni, tuone kama itazimika."