Mseto wa Bi Sange

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na miji, majiko na timu za mpira kama tulivyo nazo sisi leo, palikuwa na mji ulioitwa Bondeni. Haukuwa mji mkubwa, lakini kelele zake zilifika mbali, kwa sababu ulikuwa na timu mbili.

Timu ya kwanza iliitwa Tope, ya wanyama wa kando ya mto. Ya pili iliitwa Vumbi, ya wanyama wa uwandani. Mtoto akizaliwa Bondeni, kabla hajapewa jina, majirani waliuliza: huyu ni wa Tope au wa Vumbi?

Katika mji huo aliishi Bi Sange. Mnamjua sange, wanangu? Ni mnyama mdogo, mkubwa kidogo tu kuliko panya, mwenye pua ndefu isiyotulia. Akipiga miguu yake ya nyuma chini, ardhi husema tu-tu-tu-tu kama ngoma. Kwa ajili ya miguu hiyo, yeye ndiye aliyekuwa mtangazaji wa uwanja. Siku ya mechi alipanda juu ya kichuguu, akapiga tu-tu-tu-tu, akawaita wachezaji kwa majina, nao wakaingia. Asiyeitwa na Bi Sange hakukanyaga uwanja.

Naye aliwapenda wote aliowaita. Alimpenda Pundamilia wa Vumbi, winga aliyekimbia pembeni mpaka mistari ya mwili wake na mstari wa chaki ikachanganyika, beki asijue amkabe nani. Alimpenda Kima wa Tope, kipa aliyeruka kushoto na kurudi kulia kabla majani aliyoyatikisa hayajatulia. Wakimuuliza yeye ni wa timu gani, alijibu, "Mimi ni wa mpira." Basi wote walimcheka, wa Tope na wa Vumbi.

Sasa sikilizeni shida yao. Kiangazi mto ulikauka, kwa hiyo kila mwaka kabla yake miji yote ilishindania Ngao ya Bwawa. Mji ulioshinda ndio uliotangulia kunywa bwawani mpaka mvua irudi. Aliyekuja mwisho alikuta matope.

Kila mji ulipeleka timu moja tu. Bondeni walitakiwa kuichagua yao kwa mechi ya mchujo kati ya Tope na Vumbi, na mechi hiyo haikuwahi kumalizika. Hata mapumziko hayajafika, mashabiki walikuwa wameshaingia uwanjani pembe kwa pembe, na mjumbe wa Ngao akaruka zake bila kupewa jina la timu yoyote, Bondeni wakabaki wa mwisho bwawani.

Kiangazi kilichopita Bi Sange alichuja tope kwa majani makavu ili watoto wake wapate tone la kulamba. Kitinda mimba wake aliumwa tumbo mpaka mvua ziliporudi. Kwa hiyo mchujo wa mwaka huu ulipokaribia, wengine waliwaza mabao. Bi Sange aliwaza maji.

Kila asubuhi mashabiki walikutana kwenye banda la kahawa la Bi Kanga. Mwenyekiti wa mashabiki wa Tope alikuwa Bwana Kiboko. Mwenyekiti wa mashabiki wa Vumbi alikuwa Bwana Tembo. Walikuwa watani, na mtani hasalimii kama watu wengine.

"Pole na msiba, mtani," alisema Kiboko.

"Msiba gani tena?"

"Wa timu yako. Mechi si kesho?"

Banda zima likacheka. Tembo akapuliza kahawa yake taratibu.

"Mtacheza na nani golini?" akauliza. "Yule Kima? Yule si kipa, yule ni mchekeshaji. Anadaka mpira kwa mkia."

"Afadhali mkia. Ninyi golini mmemweka Kobe. Mpira ukipigwa leo, anaruka kesho."

"Kobe ana uzoefu."

"Wa kuokota mipira wavuni. Na huyo Pundamilia wenu anavaa jezi aliyozaliwa nayo, maana hakuna klabu iliyokubali kumshonea."

"Na beki wenu Mamba? Mpira wa juu ukija, anausindikiza kwa macho kama mgeni anayeondoka."

Bi Sange alikuwa ameketi kwenye ukingo wa benchi, kikombe chake kikubwa kama kichwa chake. Akauliza kwa upole, "Mabwana, kwani upande wa pili hakuna mzuri hata mmoja?"

"Hakuna," wakajibu pamoja.

"Magarasa watupu," akaongeza Kiboko, na garasa, wanangu, ni karata isiyo na thamani mchezoni.

"Basi hakuna wa kumwogopa," alisema Bi Sange.

Kiboko akagugumia kahawa ikamuunguza ulimi. Tembo akatazama paa. Bi Sange alikuwa mama, na uso ule aliujua. Ni uso wa mtoto anayesema hana njaa huku jicho lake liko kwenye sufuria.

Alasiri ile akashuka mtoni.

"Hodi, Bwana Kiboko."

"Karibu, Bi Sange. Kaa kando kidogo, nisije nikakukanyaga."

"Nimekuja kwa jambo la faragha. Nataka kupika mseto."

"Mseto wa mchele na choroko?" Kiboko alimeza mate. Mseto wa Bondeni ulisifika. Mchele na choroko huchemshwa pamoja mpaka vishikane, ukila bakuli moja unashindwa kuinuka.

"Chungu changu ni kidogo," alisema Bi Sange, "hakipokei kila mtu. Nitajie wachezaji wa Vumbi wanaokunyima usingizi. Hao ndio ninaowataka kwenye mseto wangu."

Kiboko akafikiri polepole, kama wafikirivyo wenye vichwa vikubwa. Kisha mdomo wake ukapanuka kwa tabasamu.

"Aaa. Mchezaji akishiba mseto asubuhi ya mechi, atakimbia huyo?"

"Shibe mwana malevya," alisema Bi Sange. "Wahenga ndio walionena, si mimi."

"Usiseme zaidi." Kiboko akatazama kushoto, akatazama kulia, akashusha sauti. "Pundamilia. Huyo usimkose. Akianza kukimbia pembeni, mimi hufumba macho. Halafu Twiga. Kona ikipigwa, kichwa chake kiko pale kinausubiri mpira. Halafu Nyumbu. Nimemtazama miaka yote nikingoja achoke. Hachoki yule."

"Enhe."

"Na Ngiri, na Mbuni. Na Swala." Hapo Kiboko akasahau kunong'ona. "Bi Sange, unakumbuka alivyompiga kanzu Mamba wetu? Mpira ukapita juu ya kichwa, yeye akazunguka, akaupokea nyuma taratibu, kama anayepokea kitoto kichanga. Nilitaka kushangilia. Ikabidi nizame majini."

"Nakumbuka," alisema Bi Sange, na macho yake yakang'aa, maana hata yeye siku ile alisahau kutangaza. "Lakini hao si wengi?"

"Ongeza maji chunguni."

"Na Kobe?"

"Kobe mwache na njaa yake. Yule ni mchezaji wetu."

Kutoka mtoni, Bi Sange akapanda mpaka uwandani kwa Tembo, aliyekuwa akijirushia vumbi mgongoni. Akamwambia maneno yale yale: anataka kupika mseto, chungu ni kidogo, amtajie wa Tope wanaomnyima usingizi. Tembo naye akafikiri polepole, akafika pale pale alipofika mwenzake.

"Unataka kuwajaza matumbo, siyo?"

"Hayo umesema wewe, bwana. Mimi nimesema mseto."

"Basi anza na Kima. Yule ana mikono mingapi? Mwaka juzi Twiga alipiga kichwa, mimi nikainua mkonga kushangilia bao. Nilipoushusha, mpira ulikuwa kifuani mwa Kima. Nimeona makipa, Bi Sange. Sijaona wa namna ile."

"Enhe."

"Na Mamba. Mipira ya juu inampita, ndiyo, lakini ya chini nani alishampita? Na Kenge, na Fisi Maji. Na yule mdogo, Chura." Tembo akatikisa masikio. "Chura hunipitishia mpira katikati ya miguu hata ndotoni."

Bi Sange akamshukuru, akarudi nyumbani kwake. Akawasha moto, akapika uji wa watoto wake. Choroko hakugusa.

Siku ya mechi ikafika. Uwanja ulijaa, Tope upande huu, Vumbi upande ule. Mjumbe wa Ngao, Korongo, alisimama kwa mguu mmoja kando ya mstari.

"Sheria ni ile ile," alisema. "Nitakaowasikia wakiitwa na kuwaona wakiingia kuuwakilisha mji, hao ndio timu ya Bondeni. Fujo ikianza, naruka."

Bi Sange akapanda kichuguu. Moyo wake ulipiga kwa kasi kuliko miguu yake. Akakumbuka tope lililochujwa kwa majani, akavuta pumzi. Tu-tu-tu-tu!

"Golini, Kima."

Kima akaingia, akaning'inia kwenye mwamba wa goli.

"Beki, Mamba. Beki, Kenge. Beki, Fisi Maji. Na beki wa nne, Nyumbu."

Nyumbu wa Vumbi alishtuka. Lakini ngoma ilikuwa imeita, na mchezaji haulizi ngoma. Akaingia, akasimama karibu na Mamba.

"Kiungo, Ngiri. Kiungo, Mbuni. Winga, Pundamilia. Winga, Chura. Mbele, Swala na Twiga." Akamgeukia Korongo. "Hii ndiyo timu ya Bondeni."

Kiboko alikuwa bado anamkodolea macho Pundamilia. Mbona tumbo lake halikuvimba? Tembo naye alikuwa anakipima kiuno cha Kima. Kisha wote wawili wakaelewa kwa mpigo mmoja, wakaja kichuguuni, puu, puu, puu, mpaka Bi Sange akatikisika.

"Umefanya nini?" Kiboko alinguruma. "Umechanganya Tope na Vumbi!"

"Nimepika mseto, bwana. Nilikuambia."

"Ulisema chungu."

"Chungu ni huu uwanja. Ni kidogo, hakipokei kila mtu. Na walioingia ni wale mliowataja wenyewe."

Tembo akainua mkonga. Mashabiki wakajisogeza wakisubiri neno lake, na pembe zilianza kugusana. Korongo akakunjua mbawa zake.

Hapo Bi Sange akapaza sauti yake yote ndogo. "Wenyeviti wetu wana neno. Kama kuna garasa kati ya hawa, wamtaje mbele yenu, nami namtoa sasa hivi. Kisha nitawaeleza ninyi nyote jinsi wenyeviti walivyomsema jana alasiri."

Kiboko akafungua kinywa. Ni kinywa kikubwa, wanangu, mnakijua. Alitaka kusema Pundamilia ni garasa. Lakini Tope nzima ingesikia kwamba mwenyekiti wao hufumba macho kwa kumwogopa Pundamilia, na huzama majini ili asimshangilie Swala. Kinywa kikajifunga, pwap.

"Bwana Tembo?" aliuliza Bi Sange.

Tembo akamtazama Chura. Chura akamtazama Tembo, akainama kidogo kutazama katikati ya miguu yake.

"Hakuna garasa," alisema Tembo haraka.

"Hakuna," alisema Kiboko.

Nyati, shabiki wa Tope, akauliza kutoka nyuma, "Mwenyekiti, mbona Vumbi wako sita na sisi watano?"

Kiboko akakohoa. "Hayo ni mambo ya kiufundi."

Tembo akageuka taratibu. "Mtani. Sita wangu umewataja wewe?"

"Na Kima umemtaja wewe?"

"Wa kwanza kabisa."

Masikio madogo ya Kiboko yakazunguka. "Siku zote nilidhani humwoni," alisema.

"Ningeachaje kumwona? Anatunyima mabao kila mwaka." Tembo akakwaruza ardhi kwa mguu. "Na Swala, ulimsema vizuri?"

"Nilimsema vizuri sana. Usimwambie mtu."

Korongo akakunja mbawa, akashusha mguu wake wa pili. "Nimewasikia na nimewaona," alisema. "Bondeni mna timu."

Na ilikuwa timu kweli. Mashindanoni, Kima alidaka, Nyumbu hakuchoka, Chura alipita palipokuwa hapapitiki, na Swala akampiga kanzu beki wa mji wa Fisi kwenye fainali. Safari hii Kiboko hakuzama popote. Alishangilia mpaka akamwangukia Tembo, na Tembo akamwacha hapo alipoangukia.

Kiangazi kilipokuja, Bondeni walitangulia bwawani. Bi Sange alisimama ukingoni akiwatazama watoto wake wakinywa maji meupe, kitinda mimba akitumbukiza pua yote. Nyuma yake wenyeviti wawili walikuwa wanabishana.

"Bila pasi ya Chura wetu, Swala wenu angefunga nini?"

"Wetu sote, mtani. Lakini Chura bahati ilimwangukia."

"Bahati? Rudia hilo neno."

Bi Sange akatabasamu, akainama, naye akanywa.

Hadithi yangu imefika ukingoni, na funzo lake, wanangu, ni hili: anayekuogopa uwanjani ndiye anayeijua thamani yako.