Jina la Mtoto wa Korongo Pana

Sogeeni. Na yule anayejiona hodari wa kuamua kesi za watu akae mbele, nimwone vizuri.

Kijiji cha Kisangeni kimebanwa na makorongo mawili, Korongo Pana na Korongo la Miiba. Karibu mwaka mzima ni mchanga mtupu, mbuzi wanapita wanavyotaka. Lakini mvua ikinyesha mlimani, maji hushuka ghafla huku kijijini jua likiwaka, na aliye katikati ya korongo hana muda wa kugeuka. Korongo Pana lilishaua watu. Korongo la Miiba halijaua mtu, basi watu wakaliamini.

Kisangeni kulikuwa na watu watatu wenye vipaji, na kila kipaji na kasoro yake.

Kalutu, mchunga mbuzi, alikuwa na masikio. Akilaza shavu juu ya jabali, aliyasikia maji yakitembea mbali, na hakuna mafuriko yaliyowahi kumpita. Tabu ni kwamba alisikia hata yale ambayo hayakuja, na hakuweza kusema yako korongo gani. Watu walishachoka kukimbizwa naye.

Nanzia alikuwa na macho. Juu ya mwamba anapoanika mtama aliweza kutofautisha wingu la kupita na wingu linalomwaga, na akisema mlimani kunanyesha, kunanyesha kweli. Ila yeye huona kilele tu, hajui maji yatateremkia upande gani. Tena siku nyingine ardhi huinywa mvua yote, isifike popote.

Kiondo hakuwa na masikio wala macho. Alikuwa na mizinga. Nyuki wake hula maua ya bonde la juu, linakoanzia Korongo Pana, na huko kukinyesha hurudi wote kwa fujo. Lakini kuna siku hurudi kwa ajili ya upepo tu, na kuna siku, mara chache, huchelewa.

Asubuhi moja Naelijwa, mke wa Mrutu, alishikwa na uchungu. Mkunga, Bibi Nampombe, alimpapasa tumbo, akampapasa tena. Mtoto alikuwa amelala kikingamo, kichwa ubavuni.

"Huyu hazaliwi hapa," alimwambia Mrutu. "Asipofika kituo cha afya tutawazika wawili."

Kituo kiko ng'ambo, na njia ni mbili: kupitia Pana au kupitia Miiba. Wakamlaza Naelijwa kwenye machela. Kabla hawajainua, Kalutu akaingia uani mbio.

"Maji yanatembea," alisema kwa sauti kubwa. "Nimeyasikia."

Sasa, kwa desturi ya Kisangeni, habari ya hatari hunong'onezwa sikioni mwa mtu mmoja tu, ili shahidi wa pili asije akaona kwa macho ya wa kwanza. Kalutu, kwa hofu yake, aliitangaza mbele ya watu wote. Punde Nanzia naye akafika, akasema mlimani kunanyesha. Wabebaji wakarudi nyuma.

Bibi Nampombe akamvuta Nanzia kando. "Umeona mwenyewe, au umemsikia Kalutu ndipo ukaona?"

"Bibi, nimetoka mwambani sasa hivi. Sauti yake ingefikaje kule?"

"Basi ninyi ni wawili, si mmoja aliyesema mara mbili. Na wewe Kiondo, uliyesimama hapo?"

"Mimi sina habari, Bibi. Nyuki wanatoka na kuingia kama kila siku."

Mrutu akashika mti wa machela. "Wawili wanasema maji, mmoja hana neno. Bibi, tungoje."

"Tukingoja anakufa."

"Basi tupitie Miiba, huko hakujafa mtu."

Mkunga akafunga macho. Kalutu peke yake akipiga kelele mara kumi, labda nne ndizo za kweli. Lakini Kalutu na Nanzia, kila mmoja kwa njia yake, siku moja? Hapo maji yapo. Na kama yapo, na nyuki wa bonde la juu hawajashtuka, basi kuna uwezekano mkubwa yanakuja Miiba. Uwezekano mkubwa, si hakika.

"Tunapita Pana," alisema. "Sasa hivi."

Wakaingia. Mchanga uliwameza miguu hadi vifundoni. Walipofika katikati wakasikia ngurumo, na hakuna aliyejua inatoka wapi. Mrutu alilia waziwazi bila kuachia mti wa machela. Bibi alikuwa akisema "twende, twende," naye moyoni akijiuliza kama amemuua binti wa watu.

Wakapanda ukingo wa pili. Korongo Pana likabaki kavu. Ngurumo ile ilikuwa ya Miiba, na ilipita na miti mizima.

Naelijwa akapasuliwa kituoni, mtoto wa kike akatolewa hai. Sasa Kisangeni mtoto aliyeokoka hupewa jina la aliyemwokoa, liwe la kiume au la kike, na mpaka apewe, hatolewi nje ya nyumba.

Kalutu akasema, "Bila mimi, wingu la Nanzia lingekuwa wingu tu. Mngepita popote."

Nanzia akasema, "Bila mimi, nani angemwamini Kalutu?"

Kiondo akasema, "Bila nyuki wangu, mngewaamini hao wawili na mngekwenda kuzama Miiba."

Bibi Nampombe akasema, "Kila mmoja wenu alileta shaka yake. Mimi ndiye niliyeziweka pamoja na kuingiza mtu korongoni. Tungezama, muuaji angekuwa nani?"

Wakaanza kuzozana tena, wote kwa pamoja. Naelijwa akawajibu kutoka ndani, mtoto yuko kifuani. "Maji yangetukuta katikati, mngeligombea hilo kosa kama mnavyoligombea jina?"

Wakatawanyika mmoja mmoja, kila mtu kwake.

Mtoto hajatoka nje mpaka leo, na anazidi kukua. Haya, wewe uliyekaa mbele, lete jina. Ila kwanza niambie: siku ile kama nyuki wangechelewa na maji yakashuka Pana, lawama ungempa nani? Na kama si huyo huyo unayempa jina, kwa nini?