Siku Bi Sukeina Alipoachwa Jenoa

Hapo zamani, si zamani ile ya sungura kusema, ni hii ya juzijuzi yenye viza na simu, palikuwa na mjane wa Mombasa aitwaye Bi Sukeina. Mumewe, Mzee Badi, alikuwa amefariki. Eda alikuwa ameimaliza. Mtoto hakujaliwa, na nyumba aliyokaa ilikuwa ya warithi, nao walishaanza kuitaka.

Msimwonee huruma haraka, maana watu watatu walikuwa wanamgombania.

Wa kwanza ni mdogo wake wa tumbo moja, Mwanaidi. Alimwambia, "Dada, njoo ukae kwangu." Wa pili ni mke mwenzake, Mwanamize, aliyeletwa na Badi wakazozana miaka ishirini na mitano, kisha wakawa wajane siku moja. Huyo alimwambia, "Njoo ukae kwangu, nani mwingine atakuvumilia?" Wa tatu ni Bi Tima, shoga yake tangu chuoni, mwenyekiti wa chama chao cha kina mama. Naye akamwambia, "Shoga, njoo ukae kwangu." Mtu mmoja, vyumba vitatu. Bi Sukeina akawajibu, "Tukirudi safari nitasema."

Safari yenyewe ilikuwa ya chama, matembezi ya meli kwenye Bahari ya Mediteranea, na hao watatu wote walikuwamo. Walikuwa kina mama wangapi? Sitasema, na Bi Tima angekuwepo hapa angenizaba kofi kwa kuulizwa tu. Alirithi mwiko kwa nyanyake: watu hawahesabiwi, wanaohesabiwa ni mbuzi. Kwa hiyo kila walipofika mahali aliuliza, "Tuko wote?" Nao wakaitika, "Tuko wote!" Basi, imekwisha hiyo.

Asubuhi moja meli ikafunga gati Jenoa, mji wa kale wa Waitaliano. Wakaambiwa saa kumi alasiri kila mtu awe amerudi, na saa kumi na moja ngazi inaondolewa, haingoji mtu. Simu zao huko laini hazikushika. Wakatoka kwa miguu, Bi Tima mbele.

Mji ule ulikuwa na vichochoro vyembamba, ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Nguo zimeanikwa juu, dirisha hadi dirisha. Pembeni mtu anachoma mkate wa dengu kwenye sinia kubwa la shaba, harufu inakufuata. Wenzake walicheka, walipiga picha. Bi Sukeina alikuwa nyuma kabisa na moyo ulimuuma, kwa sababu vichochoro vile vilikuwa kama vya kwao, ila Badi hayumo.

Badi alikuwa na tabia moja. Alikuwa na miguu mirefu, akitembea anamtangulia mkewe. Lakini kila akifika kona aligeuka. Hakusema kitu. Aligeuka, akamwona, akaendelea na njia yake. Miaka thelathini na minane aligeuka hivyo. Pale Jenoa walipita kona ya kwanza, hakuna aliyegeuka. Wakapita ya pili, hakuna. Wakapita kona kumi na moja, na Bi Sukeina aliziangalia zote.

Wakatokea kwenye kanisa kubwa lenye mistari myeusi na myeupe, na simba wawili wa mawe kwenye ngazi. Kiatu chake kikafunguka. Akakaa kwenye ngazi kukifunga. Alipoinua kichwa, wenzake walikuwa wanaingia kona.

Sauti alikuwa nayo. Angeita, wangesikia. Hakuita. Aliinamisha kichwa, machozi yakamtoka, akasema kimoyomoyo: "Wallahi, atakayegeuka wa kwanza ndiye nitakayekwenda kukaa naye."

Kisha akaona haya kutazama, akangoja.

Kwa mbali akamsikia Bi Tima, "Tuko wote?"

"Tuko wote!"

Sauti yake haikuwamo, na hakuna aliyeikosa. Asiyekuwepo na lake halipo.

Bi Sukeina akakaa. Saa nne ikapita, saa tano ikapita. Kengele zikalia juu yake, watu wakapanda ngazi, wakashuka ngazi. Kila hatua ilipokaribia alisema, "Ndiye huyo," na haikuwa yeye. Ng'ambo ya pili, dirisha la juu, bibi mmoja wa Kizungu alikuwa amekaa peke yake ameegemea kiwiko. Wakatazamana muda mrefu. Bibi akainua mkono, Bi Sukeina naye akainua wake. Akajiona mle dirishani, mwaka wa kesho na wa kesho kutwa, na akaogopa kweli.

Saa tisa akainuka. Hakujua njia, lakini mtu wa Mji wa Kale wa Mombasa haulizi bahari iko wapi. Alifuata mtelemko. Kila kichochoro kinachoshuka alishuka nacho.

Akafika kwenye kiwanja kidogo chenye bomba la maji, na hapo akamwona mwanamke ameketi chini, amevua viatu, magoti yamevimba, analia. Amejitanda kanga ya korosho nyekundu. Kanga ile Bi Sukeina aliijua, maana na yeye alikuwa amevaa kama hiyo. Badi hakuwahi kumnunulia mke mmoja doti asimnunulie mwenzake iliyo sawa nayo.

"Mwanamize, unafanya nini hapa?"

"Nakutafuta wewe," Mwanamize akasema, akajipangusa kwa pembe ya kanga. "Tangu saa saba. Nimewaonyesha kanga hii Wataliano wote, nawaambia kwa mikono: mwenye kama hii, mnene kidogo, mkaidi. Wananielekeza huku, wananielekeza kule. Mwisho nimepotea."

"Basi mimi ndiye niliyekupata."

"Nyamaza uniinue."

Akamwinua. Wakashuka wameshikana, mmoja anachechemea, mwingine anamvuta, na njia nzima wakigombana ni nani mwenye makosa. Honi ya meli ikalia wakiwa bado mbali.

Walipofika gatini, saa kumi na moja ilikuwa imepita. Ngazi ilikuwa bado ipo, kwa sababu Bi Tima alikuwa ameikalia. Hasa hasa, alisimama mguu mmoja kwenye ngazi, mguu mmoja nchi kavu, na mabaharia watatu wamemzunguka. Walimbembeleza, hakutoka. Walimkaripia, hakutoka. "Mkitaka kuondoka," aliwaambia, "mtaondoka na nusu yangu."

Wakapanda. Ngazi ikatolewa nyuma yao.

Jioni ile Bi Sukeina akawaita wote watatu kwenye sitaha, wakaletewa chai. Akawaambia ukweli: kwamba hakupotea, alikaa makusudi, na kwamba alikula kiapo. Akawaeleza na kiapo chenyewe.

Mwanaidi akaweka kikombe chini. "Dada, mimi niligeuka."

"Wapi?" Bi Sukeina akauliza.

"Pale pale kanisani, tukiingia kona. Nilikuona umeinama, nikajua unamlilia shemeji. Tangu tukiwa wadogo, wewe ukilia hutaki kuangaliwa. Ukiangaliwa unanuna siku tatu. Kwa hiyo nilikuacha. Tima alipouliza kama tuko wote, mimi nilifunga mdomo, wasije wakakurudia kwa makelele. Nilijua utarudi, hujapotea hata siku moja. Nimeingia chumbani nikalala. Lakini kugeuka niligeuka, na wa kwanza ni mimi. Kiapo ni changu."

Bi Sukeina alifurahi na akaumia kwa pamoja. Kumbe alionekana. Saa zote zile alizokaa peke yake, palikuwa na mtu anayejua alipo.

"Ulimwona ukamwacha?" Mwanamize akasema. "Mimi sikumwona, sisemi uongo. Nimetembea njia nzima simkumbuki. Nilimkosa gatini, nilipotaka kumwambia vile viatu vyake havifai, nageuka, sina wa kugombana naye. Lakini nilipomkosa sikulala. Nilimwambia Tima, nikaurudia mji mzima kwa magoti haya."

"Na ulimpata?" Mwanaidi akauliza.

"Alinipata yeye. Lakini mwenye kutafutwa anajua kwamba ametafutwa."

"Mimi ndiye niliyekupoteza, shoga," Bi Tima akasema. "Niliuliza tuko wote, sikutazama nyuso. Mwiko wa nyanya yangu nimeufanya kisingizio cha uvivu. Hilo nalibeba. Lakini akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Huyu angekuona na yule angekutafuta, na wewe na Mwanamize mngelala Jenoa. Mguu wangu ndio ulioshika meli."

Wote watatu wakamkodolea macho Bi Sukeina. Yeye akamaliza chai yake iliyopoa, akaenda kulala.

Asubuhi ya pili meli ikafunga gati kwenye mji mwingine wa kale. Kina mama wakashuka kwa miguu. Bi Tima aliwahesabu kwa kidole, mmoja mmoja, kama mbuzi. Bi Sukeina akawa nyuma, kama kawaida yake.

Wakafika kona ya kwanza, na wote watatu wakageuka kwa pamoja.

Wakasimama wakimngoja, kila mmoja amenyoosha mkono. Bi Sukeina naye akasimama. Tangu Badi afe, hii ndiyo mara ya kwanza kumwona mtu akimgeukia konani, na bado alijiona mpweke kuliko alivyokuwa kwenye zile ngazi. Mkono mmoja alishika mkoba. Uliobaki ni mmoja tu, na atakayeushika ndiye atakayezeeka naye, na wawili watajua kwamba wameachwa.

Haya, nyinyi mliokuwa mkininong'onia tangu mwanzo, sasa semeni kwa sauti. Kuna aliyegeuka akamwona, akamwacha na majonzi yake. Kuna aliyemsahau, kisha akamtafuta mpaka naye akapotea. Na kuna aliyempoteza, kisha akaizuia meli isiondoke bila yeye. Je, nani alistahili kushikwa mkono?