Kwa Nini Wana wa Tegu Walijengewa Ukuta wa Chokaa

Tulieni basi. Na nyie mnaoonja nyama kabla haijaiva, sogeeni karibu, maana haya yanawahusu.

Enzi hizo Tegu, yule mnyoo mrefu wa tumboni, na wanawe walizurura ndani ya watu watakavyo. Kila mwili ulikuwa kijiji, na walinzi wake, waliovaa nyeupe, walitembea ndani ya damu. Mkuu wao alikuwa Tumpe, mwanamke wa shoka. Mdogo wake, Sekela, aliishi Ubongoni akitunza kumbukumbu za kijiji. Tumpe hakuwa na ndugu mwingine.

Kijiji kilikuwa na mwiko mmoja: aliyekula chungu kimoja na wenyeji hapigwi. Basi siku moja mwenye mwili akala nyama ya nguruwe iliyobabuka nje, ndani mbichi. Haraka haraka haina baraka! Tegu akaingia na tonge, akajishikiza utumboni kwa kulabu zake, akanywa mchuzi, akajipaka mafuta ya nyumba hata akanuka kama mwenyeji. Walinzi walipofika na marungu, alicheka tu.

"Mnanipiga mimi? Nimekula kwenu, jamani!"

Tumpe aliumia, lakini mwiko ni mwiko. Akashusha rungu.

Tegu akarefuka, pingili juu ya pingili, akazaa. Wanawe, wasio na haya kama mzazi wao, wakatoboa kuta za utumbo, wakapanda damu, wakaenda kukaa kwenye misuli. Wengine wakafika mbali zaidi.

"Dada, wamepiga kambi sebuleni kwangu!" Sekela akatuma ujumbe.

Hawa hawakuwa wamekula chungu cha mtu. Walinzi wakawaka, wakatia moto misulini. Nyama ikavimba, ikauma, baadhi ya wana wa Tegu wakafa. Tumpe akabeba kijinga cha moto mwenyewe mpaka Ubongoni. Alipokitupa tu, kijiji kizima kilitikisika: mikono ikarukaruka, macho yakageuka, mwenye mwili akaanguka akitokwa na povu. Sekela akapiga yowe, moto ukimkaribia. Tumpe akauzima kwa mikono mitupu huku analia.

"Mdogo wangu, nusura nikuue mwenyewe!"

"Waweke mbali nami, dada," Sekela alisema, "lakini usichome nyumba."

Tumpe akaenda mifupani, akaomba chokaa. Walinzi wakamzunguka kila mwana wa Tegu aliyebaki, bega kwa bega, wakajenga ukuta na kuukandika chokaa tabaka kwa tabaka, hadi ukawa mgumu kama kokoto. Kazi hiyo ilichukua miaka, na hakuna aliyenung'unika. Kisha Tumpe akarudi utumboni, akamwambia Tegu, "Wewe umekula, kaa. Lakini harufu yenu sasa tunaijua. Nduguyo akibisha hodi, atakuta mlango umefungwa."

Na tangu siku hiyo, Tegu hukaa utumboni miaka mingi, na mara nyingi hukaa peke yake. Wanawe hufia misulini na Ubongoni ndani ya vijiwe vyeupe. Lakini walinzi ni watu wa hasira, na mara nyingine mmoja wao husahau, akaingia Ubongoni na kijinga. Basi mtu akianguka kwa kifafa cha namna hiyo, msiseme ana pepo. Mshikeni kichwa kisijigonge, mumngoje. Humo ndani kuna dada anazima moto kwa mikono yake.