Kigelegele Kilichokatazwa

Hapo zamani, masikio ya raia yalipokuwa bado milki ya mtawala, mji wa Kitapwa ulikuwa chini ya Sultani Bakame, mtu aliyependa kuimba kuliko kula. Sauti yake ilikuwa nzito kama gunia lililonyeshewa, haipandi. Basi akaona si adabu raia wafike asikofika yeye, akapiga mbiu kwamba yeyote atakayepandisha sauti kuliko ya Sultani atafungwa.

Wa kwanza kukamatwa alikuwa Mwanakombo, mwimbaji wa harusini, ambaye sauti yake ilipopanda njiwa walihama paa. Nduguye, Shekuwe, fukara aliyeazima kanzu kila Ijumaa, akaenda barazani kumwombea, asisikilizwe.

“Maulana,” akasema, “amri hii yawahusu na watu wa nyumbani mwako?”

“Yawahusu wote. Sheria haina jamaa.”

“Basi niruhusu nikawaonye, wasije wakakosa kwa kutojua.”

Sultani akapendezwa na mjinga mtiifu kiasi kile, akamruhusu.

Ikawa siku zile mkewe Sultani alikuwa karibu kujifungua, na mtoto huyo alikuwa ametafutwa kwa dua za miaka mingi. Asubuhi moja Sultani alikaa nje ya nyumba ya ndani, ametega sikio. Kwani desturi ya Kitapwa, mtoto akizaliwa mzima, wanawake hupiga vigelegele mji mzima ukajua. Badala yake kikatoka kivumo kizito, kirefu, kama cha wanawake walio matangani.

Sultani akaanguka kifudifudi. Mawaziri wakalia kabla ya kuuliza kilichotokea, kadhi akaagiza sanda, na wachimba kaburi wakaja wakibishania mahali.

Mara mkunga akatoka akitabasamu. “Pokea mwana, Maulana. Wa kiume, mzima.”

“Mbona hamkupiga vigelegele?”

“Shekuwe alituonya, bwana. Tumeshangilia kwa sauti uliyoiruhusu.”

Sultani akamgeukia kwa hasira Shekuwe, aliyekuwa amekuja pamoja na waombolezaji, lakini papo hapo mtoto akalia, kilio kikapenya hadi sokoni. Watu wote wakatazama chini.

Shekuwe akainama. “Maulana, huyu naye amevunja amri. Nimpeleke gerezani sasa, au tungoje aachishwe ziwa?”

Sultani akamtazama mwanawe, akacheka hata machozi yakamtoka, akaifuta amri, akamvisha Shekuwe joho lake. Mwanakombo akaletwa na vumbi la gereza miguuni, akapiga kigelegele hata njiwa wakahama tena. Sultani, kwa furaha, akajaribu kumfuata. Sauti ikamkatikia njiani. Mawaziri, kwa mazoea yao, wakasema sauti kama ile haijapata kusikika duniani.

Na siku hiyo hawakusema uongo.